Shangazi, chuo cha usingizi wamenikataa mara mbili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 31, niko kituo cha afya huku Rungwe, upande wa milimani ambako mvua haiulizi msimu. Nina diploma, na huu ni mwaka wangu wa saba kazini, yote nimekaa wodi ya wazazi. Kituo chetu kilijengewa jengo la upasuaji, kitanda kikaja, taa kubwa ikaja. Mtoa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kwa dawa kabla ya kupasuliwa, ni mmoja tu. Akienda likizo au akipata msiba, jengo linafungwa kwa kufuli na mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama, tunampakia kwenye gari la wagonjwa kwenda mjini Mbeya.

Hamu ya kusomea usingizi ilinianza kwenye gari hilo. Ilikuwa Aprili, usiku, mama ana mimba ya tatu, mtoto amelala kimkingamo, mtaalamu wetu yuko msibani Kyela. Nilikaa nyuma na yule mama, nimemshika mkono njia nzima, nikawa najiuliza: kule kituoni kuna kisu, kuna daktari, kuna damu kwenye friji. Kinachotupeleka mjini ni kukosa mtu mmoja wa kumlaza. Kwa nini asiwe mimi?

Mwaka juzi nikaomba nafasi. Jina halikutoka. Mwaka jana nikaomba tena, wakaniita kwenye usaili. Walikuwa watu watatu mezani. Mmoja akaniuliza: "Mama amechomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya kupasuliwa, presha imeshuka hadi 70 kwa 40. Unafanya nini?" Nikajibu, nitamwita daktari. Akaweka kalamu mezani akasema, "Daktari ameshika kisu, tumbo liko wazi. Anayeitwa ni wewe." Nikanyamaza. Hata maswali yaliyofuata sikuyasikia vizuri. Majina yalipobandikwa, sikuwamo.

Tangu hapo nimekuwa naangalia video za wauguzi wa Marekani wanaoeleza walivyoingia chuo cha usingizi baada ya kukataliwa. Wanasema nenda ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, pata cheti cha wagonjwa mahututi, pandisha wastani wa masomo, andika barua inayogusa moyo. Sisi hatuna ICU, tuna wodi ya vitanda kumi na nne. Kidato cha nne nilipata C ya Biolojia, D ya Kemia na F ya Fizikia. Barua yangu ya maombi nimekunakilia hapa uisome, pamoja na ya mganga mfawidhi aliyonidhamini nayo.

Mume wangu anasema niachane nayo, tuongeze miche ya parachichi, maana pesa iko huko. Tuna mtoto wa miaka mitatu. Na kuna kijana amenipigia simu, anasema kwa laki nane anaweza "kuniwekea jina" mwaka huu. Sijamjibu.

Nijaribu mara ya tatu, Shangazi, au nikubali yaishe?

Mkunga wa Rungwe

---

Marahaba, mwanangu. Hapa Iringa ningekuanza na kamwene, ila wewe ni wa Rungwe, basi ugonile. Salamu yenu hiyo nimeipenda tangu niliposikia kwamba kiini chake ni kulala. Watu mnaoulizana kila asubuhi kama mmelala salama mkikosa watoa usingizi, hilo ni jambo la kuchekesha kidogo.

Nimelaza watu na kuwaamsha kwa miaka 26 kabla ya kustaafu, na mimi pia chuo kilinikataa mara ya kwanza. Majibu niliyapata nikiwa safarini. Nililia kuanzia Makambako hadi nyumbani, konda akanipa chupa ya maji bila kuniuliza kitu. Kwa hiyo sikusomi kwa macho ya aliyepita kirahisi.

Barua yako ya maombi nimeisoma mara tatu. Naanza na sentensi moja iliyo katikati, kwa sababu nahofia ndiyo iliyokuzamisha mwaka juzi kabla hata hawajafika kwenye Fizikia yako. Umeandika: "Nina uzoefu, kwani nimewahi kutoa ketamini mwenyewe mara nne mtaalamu alipokuwa hayupo." Mwanangu! Najua yanatokea. Najua daktari anakuambia "choma tu, nitakuelekeza", na mama anavuja damu mbele yenu. Lakini Baraza la Uuguzi na Ukunga halikukupa leseni ya kazi hiyo, na wewe umeiandika kwa fahari, ukatia saini, ukawapelekea watu ambao kazi yao ni kuchuja wasiojua mipaka. Ketamini ni dawa ya usingizi inayodanganya. Mgonjwa anaendelea kupumua, presha inasimama, wewe unajiona fundi. Siku mate yakijaa kooni au koo likijibana, ndipo unatambua kwamba mara nne zile ulibebwa na bahati. Ifute sentensi hiyo. Wakikuuliza usoni, usidanganye. Waeleze ilitokeaje, na waeleze ulivyoogopa. Hofu hiyo ina maana kubwa kwao kuliko hesabu ya mara nne.

Sasa lile swali la usaili.

Mkunga husimama miguuni mwa mgonjwa. Ndiko mtoto anakotokea, ndiko damu inakotokea, na kwa miaka saba macho yako yamezoea huko. Mtoa usingizi husimama kichwani. Kutoka kichwani tumbo hulioni, kuna shuka limesimamishwa hapo. Unachokiona ni uso, midomo, jasho la kipaji, kifua kinavyopanda. Ulipoulizwa kuhusu presha ulijibu ukiwa umesimama miguuni. Wale watatu hawakutaka utaje dawa zote. Walitaka kuona kama umewahi hata kufikiria mambo kutoka upande wa pili wa kitanda.

Hebu tulijibu pamoja. Ganzi ya mgongo inalegeza mishipa ya damu kuanzia kiunoni kushuka. Damu inatuama miguuni, na inayorudi kwenye moyo inapungua. Juu ya hayo mama amelala chali na mji wa mimba umeulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu. Presha lazima ianguke. Ukishaelewa hivyo, majibu yanakuja yenyewe: unamlaza akiinamia kushoto kwa kumwekea kabari chini ya nyonga ya kulia, unafungulia dripu ikimbie, unampa efedrini, dawa ya kupandisha presha, kidogokidogo kwenye mshipa, unampa oksijeni, unamwambia daktari mpasuaji presha ilipo. Unamwomba mama akukamate vidole avibane, ili ujue ganzi haijapanda hadi mikononi. Na haya yote mtu mzuri anayaanza kabla mashine haijasoma 70, kwa sababu mama atakuwa ameshasema, "Sista, nataka kutapika." Kichefuchefu hicho hutangulia. Mwanafunzi anayeniambia hivyo kwenye usaili, hata akisahau jina la dawa, mimi ningempa nafasi.

Utasemaje hayo bila kuyaona? Kayaone. Andika barua kwa mganga mfawidhi wako, na nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ukiomba kushinda thieta siku zako za mapumziko, hata mara mbili kwa mwezi, hospitali ya wilaya au ile ya wazazi ya Meta pale Mbeya. Omba kusimama kichwani, nyuma ya mtoa usingizi, mikono mfukoni. Usiguse dawa. Nunua daftari gumu la kurasa mia. Kila mgonjwa mpe ukurasa: umri, upasuaji, aina ya usingizi, nini kilibadilika na dakika ya ngapi, mtaalamu alifanya nini, wewe ungefanya nini. Jina la mgonjwa usiandike. Mwishoni mwa siku mwombe mtaalamu asaini.

Daftari hilo nalisisitiza kwa sababu. Huko Marekani unakokuangalia kwenye video, muuguzi mmoja aliyeitwa Alice Magaw alikuwa akilaza wagonjwa pale Mayo Clinic, Minnesota, kwa matone ya etha, dawa ya usingizi ya kuvuta, na maneno ya upole. Mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowapa usingizi bila hata mmoja kufa kwa sababu ya usingizi huo. Kazi ilikuwa nzuri, sawa, lakini hadi leo tunaijua kwa kuwa aliiandika.

Siku utakapokuwa kichwani, jifunze pia kutumia masikio. Ile mashine ya kidoleni inayosoma oksijeni hulia kwa kila pigo, na oksijeni ikishuka mlio wake unazama, unakuwa mnene. Mzee aliyenifundisha, katika hospitali moja ya misheni, alinigeuza nitazame ukuta, akawa ananiuliza: "Sasa hivi ni ngapi?" Nikikosea, narudia. Wiki ya tatu nilikuwa naweza kuongea na mtu huku nikisikia 97 inakuwa 92. Enzi zake mashine hiyo haikuwepo, alikuwa anaweka mkono kwenye mfuko wa hewa na kidole kwenye shingo ya mgonjwa, na hata ilipokuja mkono hakuutoa.

Nakuja kwenye Fizikia, na hapa najua utanuna. F ile isawazishe. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea mwanzoni mwa mwaka, ukae mtihani Novemba, somo hilo moja tu, au pamoja na Kemia ukiwa na nguvu. Usiseme "mambo ya kidato cha nne yanahusiana nini na kulaza watu." Sikiliza.

Usiku ule wa Aprili, nyuma ya gari, kulikuwa na mtungi wa oksijeni. Tuchukulie ulikuwa ule mdogo wa aina ya E. Ukijaa, geji inasoma mgandamizo wa karibu baa 137 na ndani kuna lita kama 680. Tuseme mlipoondoka geji ilisoma nusu. Oksijeni imo kama gesi iliyogandamizwa, kwa hiyo nusu ya mgandamizo ni nusu ya gesi: lita 340. Mama anapewa lita 5 kwa dakika. Gawanya: dakika 68. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilomita kama 70, usiku, mvua, malori ya mpakani Kasumulu mbele yenu, na Uyole unaijua. Mtungi unaishia njiani. Umemshika mama mkono njia nzima, na mkono wako ni mzuri, lakini hesabu hiyo ilitakiwa kufanyika kabla dereva hajawasha gari.

Ndiyo Fizikia wanayoitaka. Na ukitaka kuwachangamsha wasaili, waambie kwamba mtungi wa gesi ya kuchekesha, ile nayo ya kulazia wagonjwa, hausomeki hivyo, kwa sababu mle ndani imo kama kimiminika. Geji inakaa palepale hadi kimiminika kiishe, halafu inaporomoka ghafla.

Hizo video sikukatazi, ila uzisikilize ukijua wanaongelea wapi. Kule muuguzi anaomba akiwa na shahada ya kwanza, leseni, na angalau mwaka mmoja wa kuhudumia wagonjwa mahututi, na tangu 2022 kila anayeanza anaingia kwenye shahada ya uzamivu ya kitaaluma, miaka mitatu. Cheti cha wagonjwa mahututi wanachokitaja, CCRN, ni cha kwao, hapa hakuna atakayekuuliza. Wewe soma tangazo la mwaka huu la chuo chako, mstari kwa mstari: sifa, leseni hai, barua ya mwajiri, tarehe. Nimeona watu wanaomba kwa sifa za tangazo la miaka mitatu nyuma walilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Lakini jiulize kwa nini Wamarekani wanadai ICU. Wanataka mtu aliyewahi kukaa na mwili unaobadilika kila dakika, akaamua jambo. Je, wewe huna hayo? Mama wa kifafa cha mimba uliyempa magnesiamu: unahesabu pumzi, unagonga goti kuona kama linaruka, unapima mkojo, na kimojawapo kikikataa huongezi dozi. Huo ni utoaji usingizi kasoro jina. Mtoto aliyezaliwa kimya ukamwekea barakoa na mfuko ndani ya dakika ya kwanza, ukatazama kifua kama kinapanda: umeshika njia ya hewa kwa mikono yako. Mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, ukaona mapigo yamepanda wakati presha bado inakudanganya. Una miaka saba ya hayo, na kwenye barua yako ya kurasa mbili sijaona hata moja! Nimeona "tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwasaidia watu." Kila mwombaji ana ndoto hiyo tangu utotoni, sijui watoto wa Tanzania huota nini kingine. Anza na lile gari la Aprili, kama ulivyonianzia mimi. Kisha mgonjwa mmoja wa magnesiamu, kisha daftari lako, kisha kufuli kwenye mlango wa jengo la upasuaji. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Barua ya mganga mfawidhi nayo. Aya ya pili inasema "Bwana huyu ni mchapakazi." Bwana! Amenakili barua ya mtu mwingine akabadilisha jina la juu tu. Usimlaumu sana, anaandika barua kama hizo kila wiki. Safari ijayo mpelekee karatasi yenye matukio matatu aliyokushuhudia mwenyewe, na tarehe zake, wiki tatu kabla ya siku ya mwisho. Barua ya pili iombe kwa huyo mtoa usingizi wenu mmoja, maana ndiye atakayekuwa amekuona kichwani. Na wakati uko ofisini kwa mfawidhi, uliza kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Unaweza kupata chuo ukakosa ruhusa.

Chuo chenyewe je, umewauliza walikukatalia nini? Naona hujauliza, umeona aibu. Andika barua fupi kwa ofisi ya udahili, ya heshima, isiyo na malalamiko: nilifika usaili, naomba kujua nijirekebishe wapi. Wengine hawatajibu. Mimi nilijibiwa kwa mstari mmoja, kwa kalamu, juu ya barua yangu hiyohiyo: "Hajui kazi anayoiomba." Niliichukia karatasi ile mwezi mzima, kisha nikamtafuta yule mzee.

Kijana wa laki nane usimjibu kabisa. Akirudia, TAKUKURU ni 113, simu haina malipo. Tena fikiria: unanunua nafasi ya kazi ambayo kosa lake ni mtu kutoamka.

Mumeo hajakosea kuhusu parachichi. Pandeni. Miti ikibeba, huenda ndiyo itakayolipa ada na nauli. Ila mpeleke siku moja akaone lile kufuli, kisha mzungumze nani atalala na mtoto ukiwa chuoni. Mama mkwe yupo? Mwombeni mapema, wote wawili, na mwende na kilo ya sukari.

Mara ya tatu, ndiyo, jaribu. Ila usijaribu mwaka huu kama tarehe ya mwisho ni mwezi ujao na daftari bado ni jeupe. Omba mwakani ukiwa na kurasa arobaini na mtihani wa Fizikia umeshaukalia.

Kazi ya kwanza ni ya kesho asubuhi. Kabla hujaingia zamu, pita kwenye gari lenu la wagonjwa, mwambie dereva afungue nyuma, usome geji ya mtungi. Piga hesabu kwa lita 5, halafu niandikie mnafika wapi: Kiwira, Uyole, au Mbeya mjini.

Shangazi